Nazi Mia Moja na Boti Tatu

Ubishi ulianza Jumapili usiku, ukumbini kwetu Kilindoni, pembeni mwa magunia mawili ya nazi. Wifi yangu, kitinda mimba wa mama mkwe, alikuwa anaolewa Mbagala siku ya Ijumaa baada ya sala, na mama mkwe, ambaye nyumba nzima tunamwita Bibi kwa kuwafuata watoto, alikuwa amekwisha kuapa kwamba wali wa harusi ya mwanawe hautapikwa kwa nazi ya sokoni. Nazi zitatoka Mafia, kwenye minazi aliyoipanda marehemu mumewe, na atazipeleka kwa mkono wake. Alizihesabu mia moja mbele yetu. Kila moja aliitikisa sikioni asikie maji, na iliyonyamaza aliitenga.

Kuhusu nazi hakuna aliyebisha. Ubishi ulikuwa tuvuke na nani.

Mtu wa bara atadhani hilo ni swali la nauli. Kisiwani ni swali la undugu. Kutoka gati la Kilindoni hadi Nyamisati, ndani ya delta ya Rufiji, ndiyo njia ya kila kitu chetu: mgonjwa wa rufaa, mwanafunzi anayekwenda kuanza chuo, bibi harusi, maiti, gunia la unga, godoro jipya. Ndege ipo, na nusu saa na ushei inakufikisha Dar es Salaam, lakini familia ya watu sita yenye magunia ya nazi haina habari na ndege. Kipo kivuko cha Serikali, MV Kilindoni. Zipo boti za kampuni na za watu binafsi, na vipo vyombo vya mbao vya mashine ambavyo wazee wetu walivijua tangu vikienda kwa tanga. Sisi kwa miaka 11 tulipanda kimoja tu: mashua ya nahodha mmoja mzee, mtu wa Jibondo, kisiwa cha mafundi wa vyombo. Mashua hiyo ndiyo iliyonileta mimi bibi harusi. Ndiyo iliyomleta nyumbani mtoto wetu wa kwanza akiwa na siku arobaini, na ndiyo iliyorudisha mwili wa baba mkwe kutoka hospitali ya Dar, na nahodha hakupokea senti.

Mimi ndiye niliyesema tuhame.

Nina sababu yangu. Tarehe 20 Septemba 2018 nilikuwa jikoni, namnyonyesha mtoto wa pili, redio ikatangaza kwamba kivuko cha MV Nyerere kimepinduka kule Ukara, Ziwa Victoria, kikiwa karibu kabisa kufika. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Tangu siku ile siwezi kutia mguu chomboni bila kuhesabu vichwa, kisha kuhesabu majaketi ya kuokolea. Mashua ya nahodha wetu ilikuwa nayo mawili, yamening'inizwa tezini kama mapambo. Kusi ya mwaka jana tulisafiri saa sita, watoto wamelowa hadi mifupani, na kila wimbi lilipopanda juu ya ubavu wa mashua nilikuwa najiuliza nitamshika yupi kati ya watatu.

"Mwanangu," Bibi akaniambia, "mtu hahami chombo kama anavyohama duka. Yule amenizikia mume."

"Najua, mama. Lakini watoto ni watatu na mikono yangu ni miwili."

Mume wangu alikaa katikati yetu akichambua ukili wa mkeka uliokwisha. Mwishowe akakata shauri: tutapanda boti ya kampuni, yenye cheti cha TASAC, wasimamizi wa usafiri wa majini, ukutani, jaketi kwa kila kiti na tiketi zenye majina. Lakini aliona si adabu nahodha asikie habari hizo gatini kwa watu. Jumatatu asubuhi alikwenda mwenyewe, akampa shikamoo, akamweleza. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Watoto kwanza. Nendeni na amani." Mume wangu alirudi kimya, na siku hiyo hakula mchana.

Jumanne nikaenda kukata tiketi. Karani alitaka jina la kila mtu, umri, na simu ya ndugu wa huku na wa kule. Alimtaka hata kitinda mimba wetu wa miaka miwili, ambaye kwenye mashua hakuwa akihesabiwa kwa sababu anapakatwa. Wenzangu kwenye foleni walinung'unika. Mimi niliandika majina sita kwa herufi kubwa na moyo ukatulia. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu hawakuwa nayo. Waliokufa ni mamia, na mpaka leo idadi yao inatajwa kwa kukisia. Jina likiandikwa, kuna mtu atakayelitafuta.

Jumatano saa 12 asubuhi tulikuwa gatini na magunia yetu, na boti ya kampuni haikuondoka. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi yanayozidi mita 2 hadi Ijumaa. Nahodha wake, kijana mwenye ndevu changa, alisimama mbele ya abiria mmoja mmoja akieleza. Watu walimtukana. Mmoja alimwambia bahari si ya waoga. Kijana akajibu kwamba nauli zitarudishwa, na akazirudisha.

Bibi aliketi juu ya gunia la nazi, kanga kaivuta usoni, hasemi neno. Ukimya wake ulinielemea kuliko maneno. Mume wangu akatimua mbio kwenda kwa mzee wa Jibondo, akiamini kwamba aliyezoea kusi za miaka yote hatashindwa na hii. Akaikuta mashua iko juu mchangani, imelazwa ubavu, na mzee yuko chini yake anakalafati, anashindilia pamba yenye mafuta kwenye maungio ya mbao kwa nyundo ndogo.

"Leo siendi," mzee alimwambia. "Kesho nako sidhani. Hata msingenihama, jibu ni hilo hilo."

Niliposimuliwa maneno hayo nilipaswa kuyasikia vizuri. Nahodha wa kwanza kakataa, na wa pili kakataa, tena hawakupeana shauri. Lakini harusi ilikuwa keshokutwa, na mimi ndiye niliyewatoa watu wangu kwenye chombo chao. Nilijiona nina deni kwa Bibi. Basi jioni alipokuja dalali na habari ya boti ya faiba yenye injini mbili, inayovuka kwa saa mbili tu, mume wangu aliniangalia mimi, nami nikaitikia kwa kichwa.

Alhamisi saa 1 asubuhi hatukupakia gatini. Tulipakia ufukweni, mbali kidogo na mji, maji yakitufika mapajani. Hakuna karani wala orodha. Nilihesabu kama kawaida yangu: abiria 23, majaketi 9. Nikagombania moja la kitinda mimba. Mpaka leo ninaliona. Rangi yake ya machungwa ilikuwa imepauka, linanuka petroli na magamba ya samaki, mkanda mmoja wa kufungia umekatika na mahali pake pamefungwa kamba ya nailoni. Lilikuwa la mtu mzima. Nilipomvika mtoto lilimfika magotini, kichwa kikazama ndani kama kobe, na nilipoivuta kamba ili imbane, ikabaki mkononi mwangu. Niliivua kanga yangu nikamfunga kifuani pangu, jaketi na mtoto pamoja. Mikono yangu ilijua tumekosea kabla mdomo haujakiri.

Katikati ya safari injini moja ilizimika, na haikuchukua muda ya pili nayo ikazima. Boti ikageuka ubavu kwa mawimbi. Kijana wa usukani alifungua, akapuliza, akafuta plagi kwa shati lake, akafungua tena. Mafuta yalikuwa na maji. Wanaume walifua maji kwa ndoo ya rangi na sufuria ya mama mmoja muuza maandazi. Binti yangu mkubwa hakulia. Aliniuliza, "Mama, jina langu limeandikwa wapi leo?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Saa nzima ilipita hivyo, kisha injini moja ikakubali. Tulipouingia mlango wa mto ilikuwa saa 4, na hapo ndipo kosa la pili lilipotukuta. Mwezi mpevu ulikuwa umetoka kupita, ni siku za bamvua, na bamvua pwani yetu hupandisha na kushusha bahari zaidi ya mita 3. Maji yalijaa alfajiri, na saa 4 yalikuwa bado yanakupwa. Mzee wa Jibondo katika siku kama hizo huondoka Kilindoni usiku wa manane, ili afike mlangoni na maji yako juu. Wenye boti ya mbio walidhani ukiwa na injini mbili huhitaji kuuliza mwezi. Tukasikia boti inakwaruza, ikasita, ikakaa. Tulikuwa tumepwelewa.

Kijana alijaribu upondo. Ukazama kwenye tope hadi nusu na karibu ubaki huko. Pande zote ni mikoko, mizizi yake imesimama juu ya matope kama vidole vilivyoshika ardhi, na kaa wadogo wenye gando moja kubwa wanatoka mashimoni kututazama. Upepo haukuwahi kufika humo. Jua likawa juu yetu, na maji ya kunywa yalikwisha kabla ya saa 5. Mtoto wa mama mmoja alianza kulegea.

Bibi akafungua gunia.

Hakumuuliza mtu. Alitoa nazi ya kwanza, akaigonga kwenye ukono wa nanga mara tatu, akiizungusha mkononi, ikapasuka katikati bila kumwaga. Maji yake akampa yule mtoto aliyelegea, ambaye hatumjui hadi leo. Ya pili akawapa wajukuu, na ya tatu mjamzito aliyekaa omo. Kijana wa usukani alikuwa ameinamisha uso kwa aibu, Bibi akampelekea kipande cha nyama ya nazi na kumwambia, "Kula, mwanangu. Una kazi mbele yako."

Watoto walipochoka kulia aliwasimulia kwamba ndani ya mikoko hii hii ilijificha manowari ya Wajerumani, Königsberg, katika vita vya kwanza. Waingereza waliichukua Mafia mwezi Januari 1915, na ndege zao ziliruka kutoka kisiwani kwetu kuichunguza. Meli zao kubwa hazikuweza kuingia mtoni. Wakaleta mbili zisizozama sana majini, Severn na Mersey, na tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikafikia mwisho wake. "Mto huu," Bibi aliwaambia, "haujali ukubwa wala mbio. Unauliza umekuja saa ngapi."

Saa 7 mchana maji yalirudi. Yalikuja polepole, yakijaza kwanza mashimo ya kaa, kisha boti ikatikisika kama mtu anayeamka. Tulishuka Nyamisati, tukapata gari hadi Bungu, tukashika barabara ya Kilwa, na Mbagala tukaingia saa 2 usiku, matope yametukaukia miguuni. Nazi zilikuwa 86. Bibi alizikabidhi kwa wapishi akasema kumi na nne zimetolewa sadaka njiani, na wali ulitosha.

Usiku ule nilimfuata chumbani kumwomba radhi. Nilimwambia nimewatoa kwenye chombo chao na kuwatia hatarini. Alinivuta nikae kitandani.

"Kutuhamisha hukukosea," alisema. "Wale wa kampuni ni watu wazuri. Hukuona? Walikataa, kama mzee wetu alivyokataa. Tulikosea tulipomtafuta atakayekubali."

Nimelifikiria neno hilo kila siku tangu wakati ule. Nilipochagua boti niliangalia viti, majaketi na cheti, na vyote hivyo ni vya kuangaliwa. Nitaendelea kuvihesabu mpaka nife. Lakini jaketi hukufaa ukiwa tayari majini. Mtu wa kukuzuia usifike majini ni nahodha mwenye ubavu wa kurudisha nauli mbele ya watu wanaomwita mwoga. Wanaomtukana wanampunguzia ujasiri huo, na siku ile gatini mimi nilinyamaza.

Wiki iliyofuata tulirudi. Nyamisati palikuwa na vyombo viwili vinavyojiandaa kuvuka, na kijana mkata tiketi akatujia mbio, akitaja bei, akitaja mwendo. Bibi alimsubiri amalize.

"Mwanangu, mara ya mwisho nahodha wako alikataa kwenda ilikuwa lini?"

Kijana alishangaa kidogo, akatazama mto. "Juzi, mama. Tulirudisha nauli zote."

Bibi akanigeukia. "Andika majina," akasema, na akapandisha kanga yake magotini ili apande.