Muulize Kungwi wa Baridi

Safu hii ni ya vijana wetu waliotoka kwenye joto la Dar, Mombasa na Bujumbura kwenda kusoma muhula mmoja au miwili Ufini. Kungwi anajibu kwa upendo, upole hajaahidi.

*Kungwi, shikamoo. Navaa fulana nne, sweta mbili na koti nililonunua Kariakoo, na kituo cha basi bado natetemeka. Niongeze nini? – Kitunguu, Oulu*

Marahaba, mwanangu. Hukukosa nguo, umekosa mpango. Fulana ya pamba hunyonya jasho ikakaa nalo, na ukisimama kituoni jasho hilo ndilo linalokugandisha. Vaa tatu tu: ya ndani ya sufu inayokaa mwilini, ya kati ya kutunza joto, ya nje ya kuzuia upepo. Kiatu kizidi mguu kwa namba moja ili soksi nzito ipate nafasi. Kikibana, vidole vinakufa ganzi. Koti la Kariakoo lipumzishe. Lina hadhi ya Njombe, halina hadhi ya nyuzi 20 chini ya sifuri.

Na usikimbilie duka lenye vioo. Ulizia duka la mitumba, wenyeji wanaliita kirppis. Ulizoea kusubiri beli lifunguliwe Karume. Leo umefika nguo zinakoanzia safari, unaona haya?

*Kungwi, jua la huku limeharibika. Desemba hii linachomoza saa nne na nusu asubuhi, saa nane mchana limezama. Adhuhuri sijaimaliza vizuri, magharibi imeingia. Nalala kutwa, nalia bila sababu. – Gizani, Oulu*

Halijaharibika, na usilalamike mbele ya mtu wa Utsjoki. Kule kaskazini kabisa jua huaga mwishoni mwa Novemba, halionekani tena mpaka katikati ya Januari. Majira hayo yanaitwa kaamos, na watoto wanakwenda shule kama kawaida.

Wewe toka nje saa sita mchana, hata kukiwa na mawingu. Mwanga huo mdogo ndio dozi yako. Meza vitamini D. Wafini wanawapa watoto wao tangu uchanga, na ngozi yetu nyeusi inahitaji jua zaidi kuliko yao ili kuitengeneza. Kilio kisipokoma, mwone mshauri wa wanafunzi chuoni akuelekeze kwa daktari. Hapo sitanii. Mengine yasubiri Juni, utakaponiandikia kwamba jua limekataa kuzama na pazia lako ni jepesi.

*Kungwi, kijana wa mlango wa pili nikifungua mlango, yeye anafunga wake. Nimemuuliza habari za nyumbani, akatazama viatu vyake. Jana kanibandikia karatasi kwenye chumba cha kufulia. Nimemkosea nini? – Mpweke, Tampere*

Mlango si chuki. Anachungulia kwanza kwenye tundu. Akikuona koridoni, anasubiri upite asije akakusumbua. Mchoraji Karoliina Korhonen amejipatia jina kwa vibonzo vya aibu za namna hiyo, na Wafini wenyewe wanavicheka. Habari za nyumbani usimuulize mtu hivi hivi tu. Ataamini unataka kujua kweli, aanze na talaka ya wazazi wake, na basi litakuacha.

Karatasi, hata hivyo, umeitafuta. Chumba cha kufulia kina ratiba: unaandika jina na saa yako. Wewe umetia mashuka kwenye saa ya mwenzio. Huku zamu ni mali ya mtu, wala tabasamu halikomboi. Muombe radhi, kisha mwalike chapati. Usimwambie “karibu wakati wowote”, maana wakati huo hautafika. Mwambie Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Atafika mapema, asimame nje mpaka saa itimie, ndipo abonyeze kengele.

*Kungwi, wenzangu wa bweni wamenialika sauna Ijumaa. Wanasema watu huingia uchi. Mimi nimelelewa Tanga. Nikatae? – Mwenye Haya, Jyväskylä*

Mwari wangu, nchi ina watu kama milioni 5.5 na sauna zinazokisiwa kufika milioni 3. Mwaka 2020 UNESCO iliutia utamaduni huo katika orodha ya urithi wa binadamu. Utakimbilia wapi?

Mabwenini, kwa kawaida wanawake wana zamu yao na wanaume yao. Unaoga kwanza, unatandika taulo dogo, unakaa. Hakuna anayekutazama. Ukitaka kujifunga kanga mbele ya marafiki, waambie mapema, hawatabishana nawe. Mtoto aliyewahi kufunikwa blanketi juu ya nyungu ya mwarobaini hana cha kuogopa mle, isipokuwa benchi la juu: joto hupanda, mgeni akae chini. Maji yakimwagwa kwenye mawe ukasikia masikio yanaungua, toka, hakuna medali. Na wakikualika kuzama kwenye tundu la ziwa lililoganda, hapo nakuruhusu kuwa na haya.

*Kungwi, ufadhili wangu unatosha kodi na chakula basi. Nyumbani baba mdogo anataka bodaboda, binamu anataka simu, na kamati ya harusi imeshaniandikia ahadi bila kuniuliza. – Tajiri wa Kupakaziwa, Helsinki*

Umejipakazia mwenyewe. Ile picha uliyotuma kwenye kundi la ukoo, mbele ya kanisa kuu jeupe, na koti la kuazima, ndiyo iliyoandika ahadi. Tuma nyingine: wewe dukani, mbele ya mashine, unarudisha makopo matupu ulipwe senti 15 kwa kila moja. Waeleze kwamba mchana unakula kantini ya chuo kwa karibu euro 3 kwa kuwa serikali inalipia sehemu, na kantini ikifungwa unakula mkate. Baba mdogo atanyamaza. Kamati haitanyamaza, kamati haijawahi kunyamaza. Ichangie kile ambacho ungetoa ukiwa Mbagala, usizidishe hata senti.

Kwa mnaofungasha sasa: samli, maziwa ya mgando na nyama viacheni nyumbani, forodha ya Umoja wa Ulaya itavichukua. Dagaa wakavu wanapita. Wakaangeni mlango wa jikoni ukiwa umefungwa na feni ya jiko inazunguka, kwa sababu king'ora cha moto hakibagui moshi, na kikilia saa nne usiku bweni zima litashuka kwenye theluji na nguo za kulalia. Siku hiyo majirani watawasalimia, ila si kwa heri.