Ombi la Bei Elekezi ya Machungu

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati za Ufadhili wa Utafiti kwa Wanafunzi wa Sayansi ya Jamii Wasio Wazungu, popote mlipo Marekani.

YAH: KUTANGAZIWA BEI ELEKEZI YA MACHUNGU

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Kwanza hongereni kwa kufungua tena dirisha la maombi. Fomu zenu tumezizoea, hutofautiana nembo tu. Swali la utafiti, yaani kile ambacho mwombaji anataka kukijua na namna atakavyokitafuta, hutengewa aya moja. Lugha anazozungumza hupata mstari mmoja usio na alama. Kisha hufuata lile sanduku kubwa: kwa maneno yasiyozidi 500, eleza changamoto ulizopitia na jinsi zilivyokujenga. Chini yake kuna tarakimu zinazohesabu maneno, nazo hugeuka nyekundu mtu akizidisha uchungu. Sanduku hatulilalamikii. Tunachoomba ni bei tu, maana biashara isiyo na bei humwacha muuzaji akikisia, na muuzaji huyu ni kijana wa miaka 20 anayeuza kitu ambacho hata kikikataliwa hawezi kukirudisha nyumbani kama kilivyokuwa.

Huku Tanzania bei kikomo ya petroli hutangazwa Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na sukari ikiadimika hutoka bei elekezi. Nanyi fanyeni hivyo. Tuambieni, kwa mwezi husika, baba kufungwa jela ni alama ngapi, nyumba kuchukuliwa na benki ni ngapi, na kuwa wa kwanza katika ukoo kukanyaga chuo kikuu kama bado kuna soko au bidhaa imejaa ghalani. Elezeni kama msiba una tarehe ya kwisha muda, na kama aliyefiwa na bibi anaweza kuongezewa iwapo bibi ndiye aliyemlea. Tunaomba Wakala wa Vipimo waje na mizani iliyopigwa muhuri, kwa sababu kuna malalamiko ya lumbesa: mwanafunzi anashindilia talaka, ugonjwa na kufukuzwa kwenye nyumba ya kupanga ndani ya insha moja, nanyi mnamlipa gunia moja. Toeni pia mwongozo wa machungu yanayotoka nje ya nchi. Chukueni kijana Mbembe aliyezaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, wazazi wakiwa wametoka Fizi, Kongo, kisha familia ikapelekwa Texas yeye akiwa na miaka 12. Rangi yake ilianza kuhesabiwa siku aliposhuka uwanja wa ndege. Je, ile miaka ya kambini mnaipokea, au inalipiwa ushuru kwanza? Na yule binti ambaye wazazi wake wote wawili ni walimu, wanampenda, hawajawahi hata kugombana mbele yake, naye anataka kuchunguza kwa nini watu wa mtaa wao wanakwepa mikopo ya benki: huyo hana cha kuuza. Anaruhusiwa kuazima kwa jirani?

Mnajua vizuri mnachokifanya. Mnamtaka mtoto wa watu amvue mama yake nguo mbele ya wageni watano, ili apewe kibarua cha majira ya kiangazi cha kunakili mahojiano ya profesa. Kijana ambaye baba yake ni rafiki wa profesa huyo hupata kazi ileile kwa barua pepe ya mistari mitatu, na hakuna anayemuuliza kilichomjenga. Kisha mnaiita insha yenu fursa ya kusikika. Samahani, Wajumbe, kalamu imeteleza. Turudi kwenye ombi.

Ushahidi kwamba mambo haya yana historia upo. Mwaka 1890, Rutherford Hayes, aliyewahi kuwa Rais wa Marekani na wakati huo akiongoza Mfuko wa Slater, alisema hadharani Baltimore kwamba fedha za kumsomesha kijana Mweusi Ulaya zipo, ila anayestahili bado hajaonekana. Kijana mmoja Mweusi, W. E. B. Du Bois, akaomba. Alipokataliwa aliandika tena, kwa hasira isiyojificha, na mwaka 1892 akapewa dola 750, nusu zawadi na nusu mkopo, akaenda Berlin. Alipobakiza muhula tu kufikia shahada ya uzamivu ya huko, Mfuko ukagoma kuendelea. Mwaka 1895 akaipata ya Harvard, Mweusi wa kwanza kuipata pale. Hayes alidai uthibitisho kwamba Mweusi ana akili. Ninyi mnadai uthibitisho kwamba ana jeraha. Mtaona mmepiga hatua kubwa, lakini mtihani bado ni wa mtu mwenyewe, na swali lake la utafiti bado limekaa kwenye benchi likisubiri kuitwa.

Linapoitwa, matokeo yake tunayajua hata sisi wa Afrika Mashariki. Ralph Bunche, msomi Mweusi wa Marekani ambaye uzamivu wake wa mwaka 1934 ulihusu utawala wa Wafaransa huko Togo na Dahomey, alipata ufadhili wa Baraza la Utafiti wa Sayansi ya Jamii akajifunze anthropolojia na kuja Afrika kuuchunguza ukoloni kwa karibu. London alisoma kwa mwanaanthropolojia Malinowski na kufundishwa Kiswahili na Jomo Kenyatta, akapita Afrika Kusini, akafika Kenya mwaka 1938. Baadaye alishiriki kuandika sura za Mkataba wa Umoja wa Mataifa zinazohusu nchi zilizowekwa chini ya udhamini, mfumo uleule ambao Nyerere aliutumia alipokwenda New York mwaka 1955 kuisemea Tanganyika. Pesa iliyolipia swali la mtu mmoja ilitoa matunda hayo. Bunche alifiwa na mama akiwa mdogo, akalelewa na bibi. Kwa bei zenu angepata alama nzuri sana, na pengine tungekuwa na insha yake na si kazi yake.

Mtasema insha huwasaidia kuzisoma alama za darasani kwa haki, kwa kuwa wastani wa anayefanya kazi usiku si sawa na wastani uleule wa anayelala. Ni kweli kabisa. Basi ulizeni: unafanya kazi saa ngapi kwa wiki? Wangapi wanakutegemea? Kipato cha kaya ni kiasi gani? Ninyi ni watu wa sayansi ya jamii, dodoso mnalijua. Mwanafunzi wenu akiwaletea utafiti ambao wahojiwa hulipwa kadiri wanavyoliza wasomaji, mtamwambia takwimu zake zimeoza, kwani kila mhojiwa ana sababu ya kukuza kilio. Na kamati ya maadili haitamruhusu kuuliza maswali ya namna hiyo bila fomu ya ridhaa, namba ya mshauri nasaha, na haki ya mhojiwa kujitoa bila kupoteza chochote. Mwombaji wenu akijitoa kwenye lile sanduku anapoteza kila kitu. Yaani mhojiwa mnamlinda kuliko mnavyomlinda mtu mnayedai kumwandaa awe mtafiti.

Wapo watakaosema anayepewa hachagui. Hapa hakuna aliyepewa. Kunakili mahojiano, kupanga majibu, kugonga milango ya watu wasiotaka kuhojiwa, hiyo ni kazi, na posho ni ujira wake. Du Bois alipoajiriwa na Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1896 alipewa cheo cha msaidizi, hakukabidhiwa darasa la kufundisha, naye akazunguka nyumba kwa nyumba katika Kata ya Saba ya Philadelphia hadi akapata kitabu cha mwaka 1899 ambacho wanasosholojia wanakisoma hadi leo. Nani alimfadhili nani?

Hoja yenu nzito zaidi ni ya sheria, na hiyo naichukulia kwa uzito wake. Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilizuia vyuo kupima waombaji kwa rangi, ila Jaji Mkuu Roberts akaacha mlango: mwombaji akieleza mwenyewe namna rangi ilivyomgusa maishani, si kosa kulizingatia hilo, ilimradi lifungamane na tabia au uwezo wake. Mwaka huohuo kikundi cha Edward Blum, mpinzani wa upendeleo wa rangi, kilizishtaki kampuni tatu za mawakili kwa sababu ya ufadhili wao kwa wanafunzi, kikitumia kifungu kinachotokana na sheria ya mwaka 1866, iliyotungwa ili waliotoka utumwani waweze kuingia mikataba kama Wazungu. Kampuni zote tatu zikafungua milango kwa kila mtu na kesi zikaondolewa. Nanyi, kwa hofu, neno rangi mmelifuta kwenye tangazo na sanduku mmelipanua. Hofu yenu tunaielewa. Lakini hakuna jaji aliyewakataza kuuliza mtu anataka kuchunguza nini, wala kutoa alama kwa Kibembe, Kiswahili na Kifaransa anavyozungumza yule kijana wa Nyarugusu, lugha ambazo bila yeye profesa wenu atalazimika kumlipa mkalimani. Mlango uliachwa wazi, na waliochagua kuupitisha msafara wa wafiwa ni ninyi.

Mengineyo ni madogo. Picha ya mnufaika msiiweke kwenye kipeperushi kabla hajalipwa. Nauli ya kwenda kwenye mafunzo itangulie, asikope kwanza ndipo mje kumrudishia. Msiwaite mashujaa, wana majina. Na posho ya Juni ilipwe Juni.

Wenu katika ujenzi wa taifa, lolote lile mtakaloamua liwe,

Mwandishi