Muhadhara wa Profesa Asiye na Namba ya Nyumba

Mabibi na mabwana, makomredi mliotoroka darasani, na wewe wa bodaboda, zima injini. Msitazame akala zangu. Miaka 11 nimepika chapati na ndengu mkabala na geti la Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, hapa Nchiru, na akaaye na waridi hunukia. Shahada sina, harufu ninayo. Leo nafundisha ulaghai wa mtandaoni, somo nililolitafiti mpaka mfuko ukatoboka.

Nilitaka viatu vya ng'ambo. Kadi ninayo, ile Visa ya M-Pesa iliyoletwa 2022, haishikiki, inaishi ndani ya simu kama jini. Duka likauliza namba ya nyumba. Nikaandika: "Mkabala na geti, uliza Profesa." Likakataa. Nikaweka sanduku la posta la shemeji, 60200 Meru. Likaniona jambazi kabisa! Kumbe huko Marekani na Uingereza mashine hulinganisha tarakimu za anwani yako na zile zilizoko benki. Mashine haijui mkabala. Duka la pili halikujali anwani, likataka namba ya siri inayoletwa kwa SMS. Mvua ilikuwa inanyesha. Network Nchiru ilipatikana juu ya stuli, mkono umeinuliwa kama wa msalihina. Namba ikaingia. Muda wake ulikuwa umekwisha.

Andikeni Kanuni ya Profesa: duka lililo salama kabisa ni lile lisilouza kitu.

Sasa mtazameni jirani yangu wa miraa. Mzigo wake hupanda ndege kwenda Mogadishu, na ukikaa siku mbili umekufa. Nani ana muda wa namba ya siri? Mnunuzi anamjua kwa sauti. Akifungua jani la mgomba akute makapi katikati ya kibunda, kesho simu haipokelewi. Komredi mmoja wa kompyuta ameniuliza duka litawajuaje kwa sauti wateja wa dunia nzima. Swali zuri sana. Limekataliwa.

Nikahamia upande wa urahisi. Kijana mmoja mtandaoni, Kevo, alikuwa na viatu vilevile kwa nusu bei. Hakuuliza nyumba, hakuuliza posta; alisema tu, "Tuma, boss." Huko ndiko kumheshimu mteja! Kabla pesa haijaondoka, simu ikanionyesha jina la mpokeaji: la mama mmoja, wala si Kevo. Mtu wa kawaida angesita. Mimi ni mtaalamu. Nikaandika katika daftari kwamba Kevo ana mama, nikathibitisha. Nilipopeleka ule ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 kuomba pesa irudishwe, ilikuwa imeshatolewa, na Kevo hapatikani.

Wiki ijayo nitafundisha uwekezaji. Ada ya leo ni shilingi 50, taslimu mkononi. Ya simu sipokei.