Namna ya Kuchunga Swichi Bila Kusumbuliwa

Umekabidhiwa swichi za ofisi ya Port Victoria, nawe unakaa Kisumu. Hongera. Kwanza hakikisha unaarifiwa kila kitu, maana aliyearifiwa kila kitu ametimiza wajibu.

Swichi hupanga ujumbe wake kwa daraja nane: 0 ni maafa, 7 ni gumzo la mafundi. Mvivu angetaka simu ilie kwa 0 hadi 3 tu, mengine ayasome asubuhi. Wewe washa yote. Karani akizima kompyuta aende kula omena, poti inalala, simu yako inalia. Akirudi, poti inaamka, inalia tena. Kufikia Jumatano utakuwa umeizima sauti, na raha huanzia hapo. (Wapo wanaonyamazisha poti za makarani, wakabakiza arifa za ile inayobeba kebo ya Kisumu. Hao simu ikiwalilia usiku, huamka. Ole wao.)

Saa ya swichi usiiguse. Baadhi ya swichi, stima ikipotea, huamka zikiwa mwaka 1970. Ukizipatanisha na seva ya saa, itajulikana kama stima ilitangulia kupotea au kebo ilitangulia kukatika, na watu wa stima watakosa kulaumiwa bure.

Kumbukumbu nazo ziache ndani ya swichi yenyewe. Kwa kawaida hukaa kwenye RAM, kwa hiyo umeme ukienda zinaenda nao. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilipoingia gizani, kila swichi isiyo na betri wala seva ya kuandikia ilizikwa na ushahidi wake.

Bosi akishikilia uzitume Kisumu, tumia syslog ya kizamani: UDP, poti 514. Haingoji jibu. Ujumbe ukipotea njiani, aliyetuma hajui na aliyetumiwa hajui. Kisha arifa ya kukatika kwa kebo ipitishe kwenye kebo hiyohiyo. Mto Nzoia ufurike Bunyala, nguzo ilale, skrini yako Kisumu haitaonyesha hata kosa moja, na ripoti ya mwezi itapendeza.

Kuna wanaoiweka seva iiulize swichi kila dakika kama ipo, na isipojibiwa itume ujumbe kwa laini ya simu, mbali na kebo ile. Gharama yake ni laini moja na jioni moja ya kazi. Usijisumbue. Watu wa Port Victoria wana namba yako.