Namna ya Kudumu Pesantren Bila Kuikosa Dunia

Anza na kandambili. Ukiwa santri, yaani mwanafunzi wa pesantren, shule za Kiislamu za bweni huko Java, Indonesia, nunua jozi ya bei ya chini kabisa, uandike jina lako kwa ncha ya kisu, kubwa hadi lichukize. Hata hivyo zitaondoka. Mwenzio atatoka msikitini amebanwa na haja, atavaa zilizo karibu. Nawe utavaa za mwingine, na ikifika Isha bweni zima linatembea na kandambili zisizolingana. Msiite hayo udugu. Asubuhi mmesoma mlango wa ghasbu, kuchukua cha mtu bila idhini yake. Aliyelielewa somo atarudi bwenini pekupeku.

Bafuni wahi kabla ya adhana ya Alfajiri. Basi.

Simu, pesantren nyingi huikusanya ukifika. Usiifiche kwenye gunia la nguo chafu. Mlezi wa bweni naye alikuwa santri, anaanzia hapo hapo. Itoe. Utaweza kukaa saa nzima mbele ya kyai, mwalimu mkuu wa pesantren, akisoma kitabu cha kurasa za manjano, nawe ukiandika maana ya kila neno chini ya mstari, kwa mshazari, Kijava kwa herufi za Kiarabu. Huenda kitabu ni Safinatu-Najaa, kinachosomeshwa pia pwani yetu. Mtunzi wake, Salim bin Sumeir, alitoka Hadhramaut akafia Batavia, Jakarta ya leo.

Lakini usiione dunia ya leo kuwa najisi. Ikiitishwa bahtsul masail, kikao cha kujadili masuala ya fiqhi, kaa safu ya mbele. Huko maswali huja yakiwa mabichi. Mwaka 2021 wanazuoni wa jumuiya ya Kiislamu ya Nahdlatul Ulama, tawi la Java Mashariki, walijadili sarafu za kidijitali, wakaamua ni haramu. Hukubali? Vizuri sana. Lete ibara ya kitabu, uisome mbele ya watu bila kukosea irabu, na kitabu chenyewe hakina hata irabu moja. Mwenye sauti kubwa bila ibara hukalishwa. Nakipenda kikao hiki kuliko yote: kijana wa miaka 17 anabishana na mwalimu wake kwa adabu, na anasikilizwa.

Likizo utaombwa uwaswalishe watu Tarawehe usiku, na mchana umtengenezee mjomba simu iliyogoma. Fanya yote mawili. Ukiulizwa hukumu usiyoijua, sema hujafika mlango huo, iandike, ukamuulize kyai.