Shajara ya Tairi la Nyuma

Jumatatu
Tairi la nyuma limekufa asubuhi, njiani kwenda shuleni. Nyuzi zilikuwa zinachungulia tangu kiangazi kianze, kwa hiyo hapa Kabungu hakuna aliyeshangaa. Nimeisukuma baiskeli yangu, Phoenix, hadi getini. Mwalimu mkuu ameangalia saa yake, akaangalia baiskeli, akaangalia tena saa.

Jumanne
Shemeji alikuwa na safari ya Mpanda mjini, nikamwagiza tairi la 28 kwa 1½. Amerudi jioni na tairi jipya, pana, limeandikwa 28 x 1.75. La moja na nusu halikuwepo, na muuzaji alimwambia kwamba mzigo hukaa nyuma, kwa hiyo pana ndilo bora. Hapo muuzaji hakudanganya. Gurudumu la nyuma hubeba zaidi ya nusu ya uzito hata keria ikiwa tupu. Ukifunga gunia, linabeba sehemu kubwa zaidi. Tairi pana huhimili mzigo huo bila kujazwa upepo hadi liwe gumu kama jiwe. Nimemshukuru. Amekula ugali akaongeza.

Jumatano
Fundi wa pale senta amejaribu kulivalisha. Ametumia vyuma vyake viwili, bisibisi, goti, na vijana wawili waliokuwa wamekuja kujaza upepo. Halikuingia.

“Ticha, hii ni ishirini na nane. Lazima iingie.”

Halikuingia. Ndipo tukasoma maandishi madogo ubavuni. Jipya: 47-622. La zamani: 40-635. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokalia. Rimu yangu imelizidi tairi jipya milimita 13, na yote mawili yanaitwa 28. Mbaya zaidi, tairi la 28 x 1½ huwa la 635, na la 28 x 1.50 huwa la 622. Ni vipimo viwili visivyosalimiana.

Kipindi cha nne nilikuwa na darasa la tano, kugeuza sehemu kuwa desimali. Nimeandika ubaoni: 1½ = 1.5. Baiskeli ilikuwa imeegemea mwembe, inaonekana dirishani. Nimewapa zoezi nikahamia upande wa pili wa darasa.

Alhamisi
Fundi amepata gurudumu zima la nyuma kutoka baiskeli ya mtumba iliyokatika fremu. Rimu yake ni 622. Ameipanua fremu yangu kidogo kwa mguu, na tairi pana limeingia bila bisibisi.

Nimepiga hesabu, kwa kuwa ndiyo kazi ninayolipwa. Mbele: 635 jumlisha 40 mara mbili, 715. Nyuma: 622 jumlisha 47 mara mbili, 716. Magurudumu yasiyo ndugu yamepishana kimo milimita moja.

Breki ni habari nyingine. Zangu ni za vyuma, si za waya, na raba zake hukaa upande wa ndani wa rimu. Rimu ndogo imezisogelea milimita sita na nusu, kwa hiyo breki ya nyuma inashika kabla sijaigusa. Fundi ameling'oa tatizo, yaani ameng'oa raba. Nimebaki na breki ya mbele.

Ijumaa
Upana umeongezeka milimita saba na madigadi haikupewa taarifa. Inalia. Darasa la tano wanafungua madaftari nikiwa bado kisimani.

Jioni nimefunga madumu matatu ya lita 20, yaani kilo 60 kwenye keria. Nyuma ilitulia vizuri sana. Mbele, lile tairi jembamba lililolika, likiwa halina uzito wa kulikandamiza, liliteleza kwenye mchanga na kugeukia kwa jirani. Nimeanguka polepole. Mfugaji aliyekuwa anaswaga ng'ombe amenisalimia kwa Kisukuma, “Mwadila.” Nimeitikia nikiwa chini.

Ameinamisha kichwa, ameyatazama matairi, akasema pana lingekaa mbele. Ana hoja. Hata wanaoshindana kwa baiskeli za milimani mara nyingi huweka pana mbele, maana gurudumu la nyuma likiteleza bado una usukani, la mbele likiteleza huna kitu. Lakini mbeba mkaa atataka pana nyuma, maana mkaa haukai kwenye usukani. Mimi niko katikati: nabeba maji, napita mchangani.

Jumamosi
Shemeji amekuja na sura ya msiba. Nimemwambia asijilaumu, nchi yenyewe ina reli za saizi tatu. Hii yetu ya Kaliua hadi Mpanda ina upana wa milimita 1,000, TAZARA 1,067, SGR 1,435. Pale Kidatu kulijengwa kituo cha kushusha mizigo na kuipakia upya kwa ajili ya milimita 67. Sisi tulikosea kwa 13 tu. Amefarijika. Amekula ugali akaongeza.

Jumapili
Mvua ya kwanza ya Novemba. Udongo umejaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka. Kelele zimeisha. Nimeifungua madigadi nikaendelea na safari ya kanisani, ambako waliokaa nyuma yangu wameona mstari mwekundu unaoanzia kiunoni na kuishia kwenye kola. Mama watoto amehama benchi.

Anayekwenda Mpanda kununua tairi, upana achague apendavyo. Mbele na nyuma si lazima vilingane, mradi tairi lipite kwenye uma na madigadi bila kugusa. Asitaje 28. Asome tarakimu tatu za mwisho kwenye ubavu wa tairi la zamani, aziandike kwenye karatasi, na karatasi hiyo ampe shemeji.