Nina Yatima 27 Keko

Jumamosi moja niliambiwa kwamba nina yatima 27, na aliyeniambia alikuwa anakula chapati zangu.

Nianze na kidonda chenyewe. Mimi natengeneza samani Keko, Dar es Salaam, huu mwaka wa 19. Mbao nazijua. Niletee kipande nikinuse, nitakuambia kama ni mninga, ni mkongo, au ni paini ya Sao Hill iliyopakwa rangi ikajipandisha cheo. Lakini ukienda Google ukaandika “kitanda cha mninga sita kwa sita Dar”, anayetokea juu ni jirani yangu, mtu ambaye droo zake hazifungi mpaka uzipige teke. Mimi nilikuwa ukurasa wa 5. Na ukurasa wa 5 wa Google ni kama siti ya nyuma kabisa ya daladala la Mbagala saa 12 jioni: umo ndani, lakini hata konda hana habari nawe.

Kilichoniuma zaidi ni jasho langu. Miaka mitatu mfululizo, kila Jumapili baada ya chai, nimekuwa nikiandika makala kwenye tovuti yangu kwa kidole kimoja. Namna ya kutambua mninga halisi. Kwa nini kitanda chako kinalia usiku, na ufanye nini kabla majirani hawajaanza kukusalimia huku wanatabasamu. Mchwa na tabia zake. Tano kwa sita au sita kwa sita: pima chumba kwanza, baba. Makala 41. Jirani yangu hajaandika hata moja, na sina hakika kama kuandika anajua, maana bango lake limeandikwa “vitada”.

Kwanza nilitapeliwa, tuliseme hilo tulimalize. Kijana mmoja alinifuata kwa WhatsApp akaniambia tatizo langu ni viungo. Nikamwambia pilau anapika mke wangu. Akasema hapana mzee, viungo, linki, yaani tovuti nyingine zikupendekeze kwa kuelekeza watu kwako. Akaniuzia viungo 500 kwa shilingi 80,000. Mpwa wangu, ambaye ndiyo kazi yake hii, alipokuja kuvikagua akakuta napendekezwa na tovuti za kamari, za dawa za kurefusha kucha, na moja ya chakula cha mbwa iliyoandikwa kwa lugha ambayo sote wawili hatukuitambua. Sasa mbwa na kabati la mninga wapi na wapi?

“Mjomba,” akasema huku akivuta sahani, “umekwenda kuomba wadhamini kwa watu usiowajua, na humu ndani mwako hakuna anayemjua mwenzake. Makala zako 27 ni yatima.”

Nikamuuliza yatima vipi, na baba yao si mimi hapa. Akaeleza. Google wana roboti yao inayoitwa Googlebot, inazunguka mtandaoni usiku na mchana, ikitoka ukurasa mmoja kwenda mwingine kwa kufuata viungo. Ukurasa usioelekezewa kiungo hata kimoja na wenzake ndio huo yatima. Mgeni akiingia kwa mlango wa mbele hatauona milele, na roboti nayo huenda isiufikie. Nikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe alishaipelekea Google orodha ya kurasa zangu zote. Akasema ndiyo, ila kuandikwa kwenye orodha ya kamati ya harusi ni kitu kimoja, na kushikwa mkono ukatambulishwa mbele ya wazee ni kitu kingine. Makala zangu zilikuwa na kadi, lakini hakuna aliyezitambulisha.

Hapo ndipo akaniletea kisa cha Larry Page na Sergey Brin, vijana wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani. Kabla ya kuanzisha kampuni ya Google mwaka 1998 walikuwa wamebuni hesabu ya kupima uzito wa ukurasa kwa kuangalia ni kurasa zipi zinazouelekezea. Kila kiungo ni kura. Ila si kura kama za kwetu, ambako yangu na ya mjumbe zinalingana kwenye sanduku. Huku kura ya mkubwa inazidi ya mdogo, na ukurasa unaoelekeza kwingi unagawanya uzito wake kwa wote hao. Hesabu ikaitwa PageRank. Mimi nilidhani ni kwa sababu ukurasa kwa Kiingereza ni “page”, kumbe ni jina la kijana mwenyewe! Hapo nikamheshimu. Mimi pia nina kiti nilichokipa jina langu. Bado hakijapata mnunuzi.

Ndani ya hesabu hiyo wamemweka mtu wa kufikirika, anayebofya viungo bila mpango wowote. Kwa kawaida wanamkadiria hivi: kila anapofika kwenye ukurasa, kuna asilimia 85 kwamba atafuata kiungo kimojawapo aendelee mbele, na asilimia 15 kwamba atachoka arukie kwingine kabisa. Mtu huyu mimi si wa kunitambulisha. Huyu ni mke wangu akiwa Kariakoo.

Mpwa akasema siku hizi Google wanapima mambo mengine mengi, tena mengi mno, lakini viungo bado vimo. Na uzuri wa viungo vya ndani ya tovuti yako ni kwamba havihitaji kuombwa wala kununuliwa. Ni wewe na kidole chako kimoja.

Akafungua Search Console, chombo cha bure cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti, pamoja na mengine, ni kurasa gani kwake zinaelekezewa viungo vingi zaidi. Nikasogea nione ni ipi imeongoza, ya mninga au ya vitanda. Iliyoongoza ni Sera ya Faragha! Iko chini ya kila ukurasa, kwa hiyo kila ukurasa unaipigia kura. Sera ambayo tuliinakili mahali, ambayo mimi mwenyewe sijaisoma, ndiyo mheshimiwa wa nyumba yangu. Ukurasa wa vitanda, unaonilipia ada za watoto, ulikuwa na viungo vitatu, na vyote vitatu vimeandikwa “bofya hapa”.

“Mjomba, mteja akikupigia kuuliza njia, unamwambiaje?”

“Namwambia afike Keko Magurumbasi aulize kwa yule mzee mwenye redio kubwa.”

“Humwambii ‘njoo hapa’?”

Nikanyamaza. Mtoto huyu nimempeleka chekechea mimi.

Maneno yanayobeba kiungo, kumbe, yanasomwa na Google kama kibao cha barabarani: yanaieleza kinachopatikana huko mbele. “Bofya hapa” ni kibao kilichoandikwa “kibao”. Andika “vitanda vya mninga vya sita kwa sita” na kila mtu, mwenye macho na roboti, ajue anakokwenda.

Alipoondoka nikaingia kazini. Mimi ukinifundisha jambo nalifanya mpaka ujute. Usiku ule nilichukua makala moja nikaliunganisha kila neno “kitanda” na ukurasa wa vitanda. Viungo 64. Makala ikawa ya bluu tupu kama sketi ya shule ya msingi. Kuna mahali nilikuwa nimeandika kwamba babu yangu alifia kitandani. Ukibofya kifo cha babu, kinakupeleka kwenye bei.

Kosa la pili lilikuwa ubahili. Nilisoma kwamba tangu mwaka 2005 kuna alama, nofollow, unayoweza kuipachika kwenye kiungo ili kuwaambia Google wasikihesabu kama kura. Ilianzishwa ili kuwakomesha wanaomwaga viungo kwenye maoni ya watu. Mimi nikaiona dili. Nikaipachika kwenye kila kiungo kinachokwenda kwenye ukurasa usiouza kitu, ili uzito wote uende kwa vitanda. Nikampigia mpwa kujisifu. Akacheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena akaniambia mbinu hiyo ni mzoga: mwaka 2009 Matt Cutts wa Google alieleza kwamba fungu la kiungo kilichozuiwa haligawiwi wenzake, linapotea. Ni sawa na kupakua sahani 10 za pilau, kisha ukawakataza wanne kula. Walioruhusiwa hawaongezewi hata punje. Zile sahani nne zinamwagwa.

Basi nikaona dawa ni kutowapakulia kabisa. Kiungo chochote kisichouza, nikakifuta. Faragha, ramani, salamu za mkurugenzi (mkurugenzi ni mimi), na vingine vya namna hiyo, kwenye menyu na kila mahali. Safi.

Kilichoniokoa, kwa kiasi chake, ni useremala. Siku mbili baadaye nilikuwa naunga miguu ya meza na fundi wangu mwanafunzi, na kwa seremala neno ni lilelile: kiungo. Nikamkaripia kwa kupigilia misumari kila mahali. Nikamwambia mbao haziungwi kila zinapogusana, zinaungwa pale mzigo unapolalia. Nikasimama na randa mkononi. Nikaacha meza nikaenda kwenye kompyuta.

Nikafuta viungo 63 kati ya vile 64, cha babu kikiwa cha kwanza. Nikaisoma makala ya mninga kama mteja, na kila nilipofika mahali ambapo mtu angeuliza “ehe, halafu?”, nikaweka kiungo. Pale ninaposema mninga hausumbuliwi sana na wadudu, ndipo makala ya mchwa inapoingia. Ya mchwa nayo, ikishakutisha vya kutosha kuhusu kitanda chako cha paini, inakupeleka kwa vitanda vya mninga. Ya kitanda kinacholia inakwenda kwenye ya vipimo, maana nusu ya vitanda vinavyolia vimebanwa ukutani na mtu ambaye hakupima chumba. Yatima wote 27 wakapata ndugu. Ilinichukua wiki mbili, na mke wangu alianza kuuliza ninachat na nani.

Nikasubiri. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya, na mpwa akaniambia mambo haya hayaendi kwa hasira. Wiki ya sita nikajikuta ukurasa wa 2. Niliionyesha simu kwa kila mtu pale kijiweni, hata kwa jirani mwenyewe, ambaye aliniuliza ukurasa wa 2 wa nini.

Juzi simu ikaita. Bwana mmoja wa Tabata, mwenye adabu zake.

“Shikamoo mzee. Nimesoma tovuti yako yote. Nilianza na mninga, nikapelekwa kwa mchwa, sikulala, nikapelekwa kwa vitanda, nikachagua chenye droo mbili, bei nikaiona. Nimetafuta namba ya simu usiku kucha.”

“Si iko kwenye ukurasa wa Mawasiliano?”

“Huo ukurasa haupo mzee. Nimezunguka tovuti nzima.”

Nikahisi jasho.

“Sasa umeipataje?”

“Nilikuja Keko kuulizia. Jirani yako ndiye aliyenipa, mtu mwema sana. Tukaongea, akanionyesha na yeye vyake, nikaona nisihangaike, nikachukua kwake. Nakupigia kwa sababu wewe ndiye mjuzi. Hivi droo zake huwa zinafungwaje?”

“Kwa teke,” nikamwambia.